SOMO LA ROBO HII: Kuhesabu Aina za Samaki kwenye Milango ya Mito

Ndugu wanakamati wa sharika, pamoja na rafiki zetu wafadhili,

Kati ya maombi ya miradi yaliyofika ofisini kwa ajili ya kikao cha bajeti, matatu yanahusu mahali pa namna moja, yaani pale mto unapokutana na bahari. Kamati moja inaomba nyavu kwa ajili ya kikundi cha vijana. Ya pili inaomba kuchimba mabwawa ya mwatiko. Ya tatu inaomba fedha za kupanda mikoko. Mfadhili mmoja aliyesoma maombi hayo aliniuliza jambo la msingi: mbona hakuna ombi hata moja linaloeleza kuna samaki gani mahali hapo? Nilitafuta jibu nikalikosa, ingawa mimi ndiye niliyezipa kamati fomu za kujaza, na katika fomu hizo sikuweka nafasi ya jambo hilo. Somo hili ndilo jibu nililopaswa kuwa nalo. Nawaomba mlisome pamoja kabla ya kikao.

Mahali penyewe

Mto unapofika baharini maji yake hayaishii ghafla. Maji ya mto ni mepesi, hivyo huelea juu; maji chumvi ni mazito, nayo hujipenyeza chini yake kama ulimi. Bahari ikijaa, ulimi huo hupanda mtoni. Ikikupwa, hurudi. Wakati wa bamvua hufika mbali zaidi, na wakati wa maji mafu husogea kidogo tu. Masika mto ukifurika huweza kuusukuma ulimi huo hadi nje kabisa, na kiangazi bahari huingia ndani kupita kiasi cha kawaida. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 katika kila lita, na ya mto hayana chumvi ya kutajika. Katika mlango wa mto samaki anaweza kuipitia mizani yote hiyo siku moja bila kuhama alipo.

Hapo ndipo ugumu wa maisha ya samaki unapoanzia. Mama akinyunyizia chumvi vitunguu vya kachumbari, baada ya muda vitunguu hutoa maji. Samaki aliye baharini yuko katika hali ya vitunguu hivyo: chumvi ya nje inamvuta maji mwilini. Ili asikauke inambidi anywe maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kwa njia ya matamvua, au mashavu kama wengi tunavyoyaita. Samaki wa mtoni ana taabu ya upande wa pili. Mwili wake una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma, naye hukojoa mkojo mwingi mwepesi ili asivimbe. Samaki wengi wameumbwa kwa kazi moja tu kati ya hizo mbili. Perege kadhaa, mkizi, mwatiko na wengine wachache huweza kubadili utaratibu mzima wa mwili kadiri maji yanavyobadilika. Hata papa yumo: aina moja ya papa wa pwani zetu hupanda mito mikubwa hadi mbali na bahari.

Mtu angetazamia basi kwamba mahali pagumu namna hii pawe na aina chache za samaki. Katika nchi za baridi ndivyo ilivyo kwa kiasi kikubwa. Katika nchi za joto mambo ni tofauti. Watafiti waliovua katika mlango wa mto Embley, kaskazini mwa Australia, walitoa taarifa mwaka 1989 kuwa wamepata aina 197. Wangwa wa Ebrié, ulioko Abidjan nchini Côte d'Ivoire, umeorodheshewa aina 153. Sisi tuko upande wa Bahari ya Hindi, bahari ambayo pamoja na Pasifiki ya magharibi ndiyo yenye aina nyingi za samaki wa pwani kuliko bahari nyingine yoyote. Akiba iliyopo nje ni kubwa, na mlango wa mto unachota kutoka katika akiba hiyo.

Wageni wengi, wenyeji wachache

Jambo ambalo wanakamati wengi hawalitambui ni hili: wengi wa samaki hao si wenyeji wa hapo. Wanaozaliwa, kukua na kuzaa palepale ni wachache, na wengi wao ni wadogo kwa umbo, kama vile visamaki vinavyorukaruka juu ya tope maji yakitoka, ambavyo watoto hupenda kuvikimbiza. Wako wanaoshuka kutoka mtoni wakati wa mafuriko, mfano kambale, nao hurudi chumvi ikipanda. Wako wapitaji. Mikunga ya mtoni huzaliwa mbali baharini, hupanda mito ikiwa midogo, huishi huko miaka mingi, kisha hushuka kwenda kuzaa. Kundi kubwa kuliko yote ni la samaki wa baharini ambao huja wakiwa wachanga, hukaa miezi au mwaka na zaidi, halafu hurudi nje wakiwa wamekomaa. Wamo chaa, kolekole, mzia, baadhi ya chewa, mkizi na mwatiko. Kamba nao hufuata njia hiyohiyo: mama hutaga nje, vifaranga huingizwa na maji, hukua kwenye mikoko, kisha hutoka.

Kwa hiyo ukimvua chaa wa kidole kimoja kwenye mkono wa mto, umevua samaki ambaye angevuliwa na mtu mwingine, mahali pengine, mwaka mwingine, akiwa na uzito mara nyingi zaidi. Huyo mtu mwingine pengine yuko Mafia au Kilwa, na hatakuja kulalamika kwenye kamati yetu.

Kwa nini waje hapa? Zamani katika semina zetu tulifundisha jibu moja: majani ya mikoko yanaoza, yanakuwa chakula, samaki wanashiba. Mimi mwenyewe nimelifundisha hivyo mara nyingi. Utafiti uliofanyika baadaye, wa kupima asili ya chakula katika nyama ya samaki, umeonyesha kuwa jibu hilo ni nusu tu. Samaki wengi wachanga hupata sehemu kubwa ya chakula chao kutokana na mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho inayoota juu ya tope na inayoelea majini, pamoja na wadudu wanaoila. Tope tupu, lile tunaloliona kama mahali pasipo na faida, ni shamba. Sababu nyingine ni maji machafu ya rangi ya chai ya maziwa: adui anayewinda kwa macho haoni mbali ndani yake. Vina vifupi huwazuia samaki wakubwa kuingia. Mizizi ya mkoko na vijiti vya mchu huwapa wadogo mahali pa kujificha. Pakiwa na mikoko, tope, majani ya baharini na mkondo wenye kina, vyote karibu karibu, aina huwa nyingi kuliko pakiwa na kimoja tu, kwa sababu samaki mmoja huvitumia vyote kwa saa tofauti za maji.

Kosa nililolifanya

Nina sababu ya kulisisitiza suala la tope. Miezi michache baada ya kuanza kazi hii nilisimamia zoezi la kupanda mikoko katika kijiji kimoja cha pwani. Mbele ya mikoko iliyokuwapo palikuwa na uwanja mpana wa tope. Tuliuona kuwa ni nafasi iliyo wazi, tukaujaza miche ya mkoko mistari kwa mistari, watoto wa shule wakiimba. Picha zilitoka nzuri sana. Katika taarifa niliandika idadi ya miche iliyopandwa, na hakuna aliyeniuliza kuhusu iliyopona.

Karibu yote ilikufa. Uwanja ule ulikuwa chini mno. Maji yaliufunika muda mrefu kuliko mkoko unavyoweza kustahimili, na mawimbi ya kusi yaling'oa iliyobaki. Kama mikoko ingeweza kuota pale, ingekuwa imekwisha kuota yenyewe, maana mbegu zilikuwa zikidondoka hatua chache nyuma yake kila mwaka. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ametuambia kwamba pale ndipo mkizi na chaa wanapokula maji yakijaa. Tulimshukuru kwa mchango wake, tukaendelea kupanda. Miche ile ingeishi, tungekuwa tumegeuza malisho ya samaki kuwa msitu kwa fedha za kuhifadhi samaki.

Rufiji na Pangani

Delta ya Rufiji ina mikoko ipatayo hekta 53,000, ambayo ndiyo mikoko mingi kuliko yote iliyo mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mikono ya mto ni mingi kiasi kwamba manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliweza kujificha humo kwa miezi mingi kabla ya kuzamishwa Julai 1915. Sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa baharini Tanzania hutegemea delta hii.

Mto wenyewe haujatulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi yalihamia mikono ya kaskazini. Huko maji yakawa baridi zaidi, na wakulima wakakata mikoko ili walime mpunga. Mashamba mengi huachwa baada ya miaka michache kwa sababu ya magugu na kaa, kisha mengine hufyekwa. Tusiwe wepesi kuwalaumu. Mpunga ni chakula, na mtu mwenye njaa hawezi kumngoja chaa akue. Lakini mikoko yote ni hifadhi ya taifa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kamati isije ikatuletea ombi la mbegu za mpunga kwa shamba la namna hiyo.

Juu ya mto limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Taifa linauhitaji umeme huo, wala somo hili si la kubishana na bwawa. Hata hivyo mabwawa makubwa duniani kote hufanya mambo mawili: hushika udongo ambao ungefika deltani, na hubadili majira ya maji. Mfano unaofahamika ni wa Misri. Mto Nile hauishii katika nchi za joto kama wetu, lakini mafuriko yake yalirutubisha bahari kila mwaka, na dagaa wakubwa wa huko waliyafuata. Mwaka 1962 walivuliwa tani kama 18,000. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuzuia maji mwaka 1964, mavuno yalianguka hata kufikia tani mia chache tu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Miaka ya baadaye uvuvi ulipata nafuu, na wataalamu wanasema sababu mojawapo ni mbolea na majitaka ya miji, ambayo si dawa ya kumshauri mtu.

Pangani ni mfano ulio karibu zaidi. Mto huo wenye urefu wa kilomita kama 500 unatoka Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, mashamba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme, kabla ya kufika baharini ukiwa umepungua. Wakulima wa karibu na mlango wa mto wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji chumvi yanapanda hadi kwenye minazi na mashamba yao.

Mlango ukifungwa kabisa matokeo huwa mabaya zaidi. Huko St Lucia, Afrika Kusini, ambako mto Mfolozi ulitenganishwa na ziwa la pwani mwaka 1952, mlango ulifungwa na mchanga mwaka 2002 wakati wa ukame, na isipokuwa kwa miezi michache ya mwaka 2007 ukabaki umefungwa miaka mingi. Mwaka 2006 asilimia kama 90 ya ziwa lilikuwa limekauka. Samaki wachanga kutoka baharini hawakuwa na njia ya kuingia, na waliokuwa ndani hawakuwa na njia ya kutoka. Mwaka 2012 ilianza kazi ya kuunganisha upya mto na ziwa. Eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu 1999, lakini heshima hiyo haikuongeza tone la maji.

Kilo hazitoshi

Sasa nirudi kwenye swali la mfadhili. Taarifa zetu za uvuvi huandika kilo. Kilo hazisemi uongo, ila huficha. Chukueni mitumbwi miwili, kila mmoja una samaki 100 wa aina 10. Wa kwanza una samaki 10 wa kila aina. Wa pili una dagaa 91, na aina nyingine tisa zina samaki mmoja mmoja. Kwa orodha ya aina, mitumbwi hiyo ni sawa. Kwa mvuvi, wa pili ni dalili kwamba aina tisa ziko karibu kutoweka kwenye nyavu zake. Ni kweli kwamba hata katika mlango wa mto wenye afya aina chache ndizo hufanya sehemu kubwa ya samaki. Kwa sababu hiyo tunatazama mabadiliko ya mwaka hadi mwaka, wala hatuhukumu kwa siku moja.

Aina hutoweka kimya. Waulizeni wazee kuhusu papa upanga, aliyeishi katika milango ya mito na mikoko yetu. Msumeno wake hunaswa kirahisi kwenye nyavu na huzaa wachache, hivyo amepungua mno katika bahari zote za joto. Kijana wa miaka 20 hatakuambia kuwa amepotea, kwa kuwa hakuwahi kumwona.

Mambo matatu huharibu hesabu. Kwanza ni mtego. Kimia, dema, jarife na wando havishiki samaki walewale. Ukihesabu wa jarife mwaka huu na wa wando mwakani, umepima nyavu badala ya samaki. Pili ni maji. Siku ya bamvua na siku ya maji mafu hazifanani, wala kusi na kaskazi. Tatu ni majina. Jina moja la Kiswahili hubeba aina kadhaa za wataalamu: wako chewa wengi, chaa kadhaa, na mkizi wa zaidi ya namna moja. Hesabu yetu ya majina itakuwa chini ya ile ya chuo kikuu. Hilo halidhuru, mradi majina yaandikwe vilevile kila mara.

Maombi matatu

Nitasema ninavyofikiri, na kikao kina haki ya kunikatalia. Nyavu za vijana: macho yaliyoombwa ni madogo, na mahali palipotajwa ni mikono ya ndani, yaani chumba cha kulelea. Nitaunga mkono nyavu za macho makubwa kwa ajili ya uvuvi wa nje ya mlango, baada ya kikundi kukaa na BMU ya kijiji. Najua nyavu hizo zinahitaji chombo kizuri na gharama itapanda. Afadhali tuwasaidie vijana wachache vizuri. Kuna suala la akina mama wanaotanda uduvi kwa vyandarua, ambalo hakuna aliyeliandika ila wote tunalijua. Uduvi ni wadogo hata wakikomaa, na kuwavua si kosa. Shida ni vifaranga vya samaki vinavyoingia pamoja nao. Mama mmoja alinieleza wazi kwamba nikimnyang'anya chandarua nimletee kwanza kitoweo cha jioni. Sina jibu la suala hilo katika bajeti ya mwaka huu, na sipendi tulifunike kwa semina.

Mabwawa ya mwatiko ni wazo zuri likiwekwa mahali pake, nyuma ya mikoko, kwenye viwanja vya chumvi visivyoota kitu. Kumbukeni tu kwamba vifaranga vya kupandikiza hukusanywa porini, katika vidimbwi vya mikoko hiyohiyo. Anayekata mikoko ili achimbe bwawa anakata mbegu yake. Wanaokusanya vifaranga wafundishwe kurudisha majini vya aina nyingine vikiwa hai.

Ombi la kupanda mikoko nalirudisha kwa kamati, si kwa kulikataa. Katika mashamba ya mpunga yaliyoachwa, mara nyingi kinachozuia mikoko kurudi ni matuta yanayozuia maji. Matuta yakivunjwa, kwa kibali cha Misitu na makubaliano na aliyelima, maji huleta mbegu bila malipo. Kazi hiyo haina picha nzuri. Nawaomba wafadhili wetu watuvumilie kwa hilo.

Kabla ya fedha yoyote kutoka, kila kamati kati ya hizo tatu ianze daftari. Chagueni mtego mmoja na diko moja. Hesabuni siku nne kwa mwezi, mbili za bamvua na mbili za maji mafu, kwa miezi 12 ili majira yote yaingie. Andikeni tarehe, aina ya mtego, saa ulizokaa majini, jina la kila samaki, idadi, na urefu wa mdogo na mkubwa wa kila jina. Mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yakitokea, msiruke mwezi huo. Andikeni hata kama ukurasa utakuwa na kambale watupu. Sharika zetu za huko ni ndogo, na wanaowajua samaki vizuri kuliko sisi sote ni majirani zetu wa msikitini. Mwenyekiti wa kamati aende akaonane nao kabla ya kuchagua mwandishi wa daftari, na posho yake ya siku hizo nne iwekwe katika bajeti tangu mwanzo. Rula na madaftari yapo ofisini.